Jukwaa la hema: pesa ziende kwenye nguzo kwanza

Takriban asilimia 62 ya eneo la Kaunti ya Taita Taveta limo ndani ya Hifadhi za Taifa za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Kwa familia na vikundi vyenye ardhi kando ya hifadhi hizo, kambi ndogo ya wageni ni biashara inayoweza kuanzishwa bila mtaji mkubwa: mahema mawili matatu, choo safi, jiko, na mahali pa kuota moto jioni. Lakini hema la kulaza wageni mwaka mzima haliwekwi tu juu ya udongo. Mvua ya masika ikishuka, maji hupita chini ya turubai, matope huingia ndani, na siafu na nge hupata njia. Ndiyo maana hema la kudumu hupandishwa juu ya jukwaa la mbao, futi moja au mbili kutoka ardhini.

Tatizo ni kwamba mara nyingi jukwaa hilo ndilo la kwanza kuharibika katika kambi nzima. Siku ya kufunguliwa huonekana imara, mbao zikiwa mpya na zinanukia. Baada ya misimu michache ya mvua, nguzo mbili zimeliwa na mchwa, sakafu imeinama upande mmoja, na ubao wa mlangoni unabonyea ukikanyagwa. Mgeni akivunjika mguu hapo, hasara haiishii kwenye mbao. Na kikundi kilichokopa ili kujenga huendelea kulipa mkopo wa kitu ambacho hakiwezi tena kukodishwa.

Mtu anayekwenda kununua mbao kwa kawaida humuuliza mwenye duka swali moja: ni mbao gani isiyooza? Jibu analopewa huwa ni mbao ghali kuliko zote dukani, na kwa kuwa hawezi kuimudu kwa jukwaa zima, hurudi kwenye ile rahisi kuliko zote. Swali lenyewe ndilo lenye kasoro. Mbao za jukwaa moja hazikabiliwi na hatari moja. Ile iliyozikwa ardhini iko vitani usiku na mchana. Ile iliyo juu, inayopigwa na upepo na kukauka kila baada ya mvua, inaweza kuwa mbao ya kawaida na bado ikadumu miaka mingi.

Hesabu hulionyesha jambo hili vizuri. Chukua jukwaa la futi 10 kwa 12, linalotosha hema la watu wawili. Sakafu yake, kwa mbao za inchi 6 kwa 1, ni safu 20 za futi 12 kila moja, yaani futi 240. Chini ya sakafu zinahitajika mbao 10 za inchi 4 kwa 2, kila moja ya futi 10, zikiachana kwa inchi 16: hizo ni futi 100. Nazo hulala juu ya mihimili mitatu ya inchi 6 kwa 2 yenye urefu wa futi 12, jumla futi 36. Mwisho ni nguzo 12, nne chini ya kila mhimili. Kila nguzo ikikatwa futi 4, nusu ikizikwa na nusu ikibaki juu, hizo ni futi 48. Mbao zote pamoja ni futi 424, na nguzo ni kama sehemu moja kati ya tisa.

Kwa hiyo anayeongeza pesa kwenye nguzo peke yake anaongeza bei ya sehemu ndogo ya kazi, lakini ndiyo sehemu inayoamua jukwaa litasimama miaka mingapi. Anayenunua mbao ya kifahari kwa sakafu na nguzo za mkaratusi mbichi amefanya kinyume chake.

Adui wa Voi si adui wa Wundanyi

Kaunti hii ina hali mbili za hewa zilizo mbali sana. Huko chini, kuanzia Voi, Kasigau na Sagala hadi sehemu za Taveta, ardhi ni kavu, jua ni kali na adui mkuu ni mchwa. Mchwa wa ardhini hahitaji mbao iliyolowa; huleta unyevu wake mwenyewe kupitia vijia vya udongo anavyovijenga juu ya nguzo, na ndani ya vijia hivyo hufanya kazi bila kuonekana. Nguzo inaweza kuwa nzima kwa nje na tupu kwa ndani. Njia rahisi ya kupima ni kuigonga kwa nyundo na kusikiliza, au kuichoma kwa bisibisi karibu na udongo.

Huko juu, Wundanyi na vijiji vya vilima vya Taita, ukungu hushinda asubuhi nzima na mbao hukauka polepole. Adui wa huko ni kuvu. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji maji na hewa kwa pamoja. Mbao ikibaki na unyevu usiozidi asilimia 20 hivi, hawawezi kuendelea. Hii ndiyo sababu nguzo huozea pale inapoingia ardhini, kwenye inchi chache za juu za udongo, huku ncha yake ya chini kabisa ikitolewa ikiwa ngumu bado. Pale juu ndipo unyevu na hewa hukutana.

Fundi aliyezoea kujenga Mwatate akipewa kazi kilimani, au wa kilimani akishuka Voi, inafaa aulize kwanza wenyeji kuhusu nguzo za ua: zipi zimesimama muda mrefu, na zilikuwa za mti gani. Ua wa jirani ni majaribio ya miaka mingi ambayo mtu anaweza kuyasoma bure. Kuna adui wa tatu kwa walio karibu na njia za wanyama, naye ni ndovu. Akiamua kujikuna kwenye jukwaa, hakuna mbao ya bei yoyote itakayomzuia. Hiyo ni kazi ya uzio na ya kuchagua mahali pa kujenga.

Nguzo

Jambo la kwanza kukagua katika mti wowote ni kiini. Katika shina la mti, sehemu ya nje yenye rangi nyepesi ndiyo iliyokuwa ikipitisha maji mti ulipokuwa hai. Ina chakula ambacho mchwa na kuvu hukipenda. Sehemu ya ndani, yenye rangi nzito katika miti mingi, ndiyo kiini, na ugumu wa mti dhidi ya wadudu umo humo. Hata mti unaosifiwa kote, sehemu yake ya nje huliwa kama mbao nyingine. Nguzo nyembamba ya mti mchanga huwa na kiini kidogo sana, na hapo ndipo wengi hudanganyika: wanasikia mti fulani haulíwi na mchwa, wananunua fito zake changa, kisha wanashangaa.

Miongoni mwa miti inayokua katika nchi kavu, mukau, ambao wataalamu huuita Melia volkensii, unastahili kutajwa mbele. Ni mti wa asili wa maeneo makavu ya Kenya, ukiwemo ukanda wa Tsavo, na kiini chake huwashinda mchwa. Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya, KEFRI, imeuhimiza kwa miaka mingi kama mti wa shambani kwa sababu hukua haraka kuliko miti mingine ya mbao ngumu, na hufikia kupasuliwa mbao baada ya miaka kumi na kitu. Anayeupata kutoka shamba la jirani amepata nguzo nzuri. Mwarobaini pia, ambao umejaa Voi, hauguswi sana na mchwa, ila shina lake mara nyingi ni fupi na limepinda, kasoro ambayo haina uzito kwa nguzo ya futi 4.

Posti za mtarakwa kutoka nyanda za juu zina sifa ya kukaa ardhini miaka mingi, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini mtarakwa ni mti wa kiasili unaokua polepole, na ukataji wake unadhibitiwa. Atakayeuziwa posti hizo bila karatasi za kuonyesha zilikotoka atakuwa amenunua kesi pamoja na mbao.

Boriti za mkonge, zile zinazotokana na mlingoti wa maua wa mmea huo, zinapatikana kwa urahisi karibu na mashamba ya mkonge. Ni nyepesi na zinafaa kwa kivuli na ua wa ndani. Zisibebeshwe sakafu.

Kwa wengi, chaguo lenye kupatikana kwa urahisi litabaki nguzo ya mkaratusi iliyotiwa dawa kiwandani. Dawa ya kawaida ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki unaoingizwa ndani ya mti kwa shinikizo, na ndiyo unaoipa nguzo rangi ya kijani. Dawa hiyo huingia katika sehemu ya nje ya shina. Kiini cha mkaratusi huikataa. Hivyo nguzo ya mviringo, iliyo nzima, ina koti la dawa kuizunguka pande zote. Ikipasuliwa katikati ili zipatikane nguzo mbili, koti hilo limefunguliwa na mchwa ana mlango. Vivyo hivyo ikikatwa: ncha iliyokatwa isizikwe chini. Ncha iliyotoka kiwandani ndiyo iende ardhini, na ile iliyokatwa ielekee juu, ipakwe dawa ya mbao iliyosajiliwa kisha ifunikwe na mhimili.

Mnunuzi aangalie ncha ya nguzo kabla ya kulipa. Ikiwa kijani kimeingia ndani na kufanya duara lenye unene wa kuonekana, dawa imeingia. Ikiwa kijani ni cha juu tu na hukwanguka kwa kisu kikaacha mbao nyeupe papo hapo chini yake, hiyo imepakwa, haikutibiwa. Aombe pia risiti yenye jina la mtengenezaji. Na kwa kuwa dawa yenyewe ina sumu, anayekata avae glavu na kuziba pua na mdomo. Vumbi na vipande visitumike kuni, visitandikwe kwenye banda la kuku, wala mbao hizo zisitengenezewe meza ya kulia. Moshi wake una aseniki.

Kuna njia nyingine ambayo huondoa sehemu kubwa ya tatizo: kutozika mbao kabisa. Badala ya nguzo hujengwa vikonzo vifupi vya mawe au zege, na mihimili hulala juu yake. Kati ya kikonzo na mhimili huwekwa kipande cha bati kilichopana kuliko kikonzo, kingo zake zikiwa zimekunjwa kuelekea chini. Bati halimuui mchwa, wala halimzuii kabisa. Linamlazimisha kuzunguka kwa nje, ambapo kijia chake kitaonekana na kuvunjwa. Ubaya wa vikonzo ni upepo. Hema lililotandazwa ni kama tanga la jahazi, na jukwaa lililowekwa tu juu ya mawe linaweza kunyanyuliwa. Vyuma bapa vya kufungia mhimili lazima viingizwe ndani ya zege likiwa bado bichi.

Wanaozika nguzo huwa na mazoea ya kumwaga zege shimoni kuizunguka wakidhani wameilinda. Mara nyingi wameitengenezea kikombe. Nguzo ikikauka hunywea kidogo, ufa hutokea kati yake na zege, maji huingia na hayana pa kutokea. Ikiwa zege ni lazima kwa sababu ya udongo mlegevu, nguzo isimame juu ya kokoto, zege liwe pembeni tu bila kuziba chini, na sehemu ya juu iteremke ili maji yakimbie. Mahali penye udongo mgumu, kokoto chini na udongo ulioshindiliwa pembeni vinatosha.

Sakafu

Hapa ndipo pa kuokoa pesa. Mbao za saiprasi zinafaa sana kwa sakafu iliyoinuliwa, na mkaratusi uliokomaa na kukaushwa vizuri pia. Grevilea kutoka mashamba ya vilimani inafaa ikiwa hewa inapita chini yake. Paini isiyotibiwa ndiyo dhaifu zaidi kati ya hizi, lakini hupokea dawa kwa urahisi, hivyo paini iliyotibiwa ni bora kuliko saiprasi mbichi.

Neno “mbichi” lisipitwe haraka. Mbao nyingi huuzwa siku chache baada ya kupasuliwa, zikiwa nzito kwa maji. Zikipigwa misumari hivyo, jua la Voi litazikausha zikiwa mahali pake: zitapinda, zitapasuka kwenye ncha na kung’oa misumari. Zipangwe kwanza kivulini, juu ya matofali, vijiti vikitenganisha kila safu ili hewa ipite, na ncha zake zipakwe rangi kuzuia nyufa. Ubao wa inchi moja huhitaji wiki kadhaa, na kilimani huenda ukataka miezi miwili au mitatu. Anayenunua mapema, kabla hata nguzo hazijasimama, hapotezi muda.

Kati ya ubao na ubao iachwe nafasi ya maji kupita na taka kuanguka. Msumari wa inchi 6 ukisimamishwa kati ya mbao mbili kavu hutoa kipimo sawa. Kama mbao bado zina unyevu, zibanwe zaidi, kwa sababu zitanywea na nafasi itajitengeneza. Skrubu ni ghali kuliko misumari lakini ubao mmoja ukioza hufunguliwa na kubadilishwa bila kuvunja majirani zake. Vyovyote iwavyo, vitumike vilivyopakwa zinki. Chuma kitupu hutafunwa na shaba iliyo katika mbao zilizotibiwa, na katika mkaratusi huacha michirizi myeusi.

Jukwaa lisipite ukubwa wa paa la hema pale ambapo mvua hupiga. Sakafu inayochomoza nje ya turubai hupokea maji yanayotiririka kutoka paani na kuyapeleka moja kwa moja chini ya kitanda cha mgeni. Anayetaka baraza mbele ya hema alipe paa lake mwenyewe, au aishushe inchi mbili chini ya sakafu ya ndani.

Vanishi ni pesa iliyotupwa. Juani hupasuka, maji huingia chini ya nyufa zake na kukwama humo. Mbao iliyoachwa ikageuka kijivu haijaoza. Imebadilika rangi tu. Mafuta ya kupaka mbao mara moja kwa mwaka hupunguza nyufa, kwa mwenye nafasi ya kuyanunua.

Oili chafu ya gari ni suala zito zaidi, kwa sababu karibu kila kijiji huitumia kupaka nguzo. Haiingii ndani ya mbao zaidi ya ngozi yake, na huoshwa na mvua. Inachoacha ni madini mazito kwenye udongo, na kisha kwenye visima, katika kaunti ambayo maji ni ya shida. Kuchoma mguu wa nguzo kwa moto ni desturi isiyo na madhara kama hayo, lakini nayo humchelewesha mchwa kwa muda mfupi tu. Nyufa zinazofunguliwa na moto huwa njia mpya.

Karatasi na ukaguzi

Mbao zinaposafirishwa barabarani lazima ziwe na kibali kutoka Shirika la Huduma za Misitu Kenya, KFS, hata kama zimetoka kwenye shamba la mtu binafsi. Anayenunua dukani adai risiti na kuiweka. Anayenunua mti kwa jirani amtake jirani afike kwanza ofisi ya KFS iliyo karibu, kabla ya shoka kuguswa. Msimamo wa mamlaka kuhusu miti ya kiasili ni mkali zaidi, na mukau uliopandwa shambani hurahisishiwa njia mwenye shamba akionyesha kwamba ni yeye aliyeupanda. Kambi ya kupokea wageni kwa malipo inahitaji pia kibali cha biashara cha kaunti, kinachoshughulikiwa katika ofisi za kaunti ndogo za Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Ni vyema kuuliza masharti ya ujenzi siku hiyo hiyo, kabla ya mashimo kuchimbwa.

Jukwaa likishasimama, mtu mmoja katika kikundi apewe jukumu la kuingia chini yake kila mwezi akiwa na tochi, nyundo na bisibisi. Avunje kila kijia cha mchwa anachokiona, aondoe majani na vipande vya mbao vilivyoachwa na mafundi, maana hivyo ndivyo humwalika mchwa mara ya kwanza, na agonge nguzo zote 12, moja baada ya nyingine. Ukaguzi mkubwa ufanywe Februari, kabla ya masika, na tena Septemba kabla ya vuli. Nguzo zipewe namba kwa rangi na matokeo yaandikwe kwenye daftari, ili nguzo namba 7 ikianza kusikika tofauti, ibadilishwe peke yake hema likiwa halina mgeni.